Mandolini Iliyopimwa kwa Mkono Wangu

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, ndugu wapiga muziki na wanafunzi mliofika hapa Kampala jioni hii, nawasalimu nyote. Nimeombwa nizungumze juu ya chombo hiki kilichoko mezani, mandolini niliyoiagiza kwa fundi miaka sita iliyopita, nami nimekubali kwa furaha, kwa sababu kuna jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alijue kabla hajaagiza chombo chake. Fundi wa kweli hukudai jibu la swali ambalo dukani hakuna anayekuuliza, yaani unataka sauti gani.

Kwa wasioifahamu, mandolini ina nyuzi nane zilizofungwa jozi nne, na jozi hizo hukazwa kwa sauti zile zile za fidla: G, D, A na E. Sehemu ya uzi inayotetema ina urefu wa sentimita 35 hivi, nayo ni fupi mno kuliko ya gitaa, ndiyo maana sauti yake hufifia upesi na mpigaji hulazimika kuichezesha risha, kama wapiga udi wa pwani wanavyoiita, kwenda na kurudi kwa kasi ili noti isife. Mandolini za kale za Napoli, Italia, zilikuwa na mgongo wa mviringo kama kibuyu kilichopasuliwa. Mwaka 1898 Orville Gibson wa Kalamazoo, Marekani, alipata hataza ya vyombo vyenye kifua, yaani ubao wa mbele, na mgongo wa kuchongwa kutoka mbao nene, na mwaka 1922 kampuni yenye jina lake ikatoa mandolini ya F-5, kazi iliyosimamiwa na Lloyd Loar, yenye matundu mawili ya umbo la herufi f. Ile aliyoipiga Bill Monroe, mwanamuziki mashuhuri wa Marekani, kwa miongo mingi ni ya mwaka 1923.

Historia hiyo ndiyo iliyozaa swali la kwanza la fundi wangu. Matundu ya f juu ya kifua kilichochongwa hutoa sauti kali na fupi, inayopenya hata katikati ya kundi kubwa, ilhali tundu moja la umbo la yai hutoa sauti nene, inayokaa kidogo zaidi hewani. Aliponiuliza nataka ipi, nilimjibu kwamba nataka sauti nzuri. Akasema kwa upole, “Mwalimu, hilo bado si jibu,” kisha akanipa gitaa bovu lililokuwa karibu, akageuza kiti chake na kukaa akitazama vidole vyangu kwa muda mrefu bila kusema neno. Aliona kwamba vidole vyangu ni vinene na kwamba nyumbani hupiga peke yangu, polepole, nyimbo za kuimbwa. Shingo za kawaida huwa na upana wa milimita 28 hivi pale juu karibu na vigingi, lakini yangu aliipa milimita 30. Milimita mbili zinaweza kuonekana si kitu, lakini tangu siku ile kidole changu hakijagusa tena uzi wa jirani kwa bahati mbaya.

Hapa naomba tuikumbuke endongo, chombo chetu cha asili cha nyuzi, kwa maana nayo ina nyuzi nane. Nyuzi za endongo hupita karibu sana na ngozi ya kenge iliyowambwa juu yake, na zinapoigusa hutoa ule mvumo wa kukwaruza ambao Baganda na Basoga huutambua mara moja. Mtengenezaji wa endongo huutafuta mvumo huo kwa makusudi, na chombo kisichokuwa nao kwake hakijakamilika. Mtengenezaji wa mandolini, kinyume chake, akisikia uzi unakwaruza hutoa tupa na kuanza kusawazisha freti, yaani vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, mpaka mkwaruzo utoweke. Nyuzi ni nane huku na nane kule, lakini masikio yanadai vitu viwili tofauti. Nilipolielewa hilo ndipo nilipoweza kumjibu fundi: nilitaka tundu la yai, sauti ya chini iliyo nene, na usafi mkali katika jozi ya juu peke yake.

Mbao zilitafutwa kwa miezi. Mahogani ya mgongo, mbavu na shingo ilitoka Ndeeba, na mpingo wa ubao wa vidole ulitoka Tanzania. Kifua ndicho kilichotusumbua, kwa kuwa mbao inayosifiwa kwa kazi hiyo ni sprusi, mti wa nchi za baridi wa ukoo mmoja na misonobari. Fundi akaipata ndani ya piano ya zamani ya kanisani iliyokwisha kuharibika, kwani ubao wa sauti wa piano hutengenezwa kwa sprusi hiyo hiyo, nao ulikuwa umekauka kwa miaka mingi kuliko ambavyo yeyote kati yetu angesubiri. Kwa kuwa ubao wa piano ni mwembamba mno kuchongwa tao, mandolini yangu ina kifua bapa, chenye unene wa milimita tatu hivi, kilichotegemezwa ndani na fito mbili. Nilishuhudia mbavu zikikunjwa: fundi alilowesha kipande cha mahogani, akakilaza juu ya bomba la chuma lililojaa mkaa wa moto, akakibonyeza kidogo kidogo huku mvuke ukimpanda usoni, akisubiri mbao ilegee yenyewe. Vipande viwili vilipasuka. Cha tatu kikakubali, na mnaweza kukiona hapa upande wa kushoto, chenye alama ndogo ya kuungua ambayo nilimwomba asiifute.

Kuhusu utunzaji nitasema machache, ila hili moja lilinigharimu. Mandolini yangu ya awali, ya kiwandani, niliichukua kutoka Entebbe, kwenye unyevu wa ziwa, mpaka Moroto wakati wa kiangazi, nikaiacha nje ya sanduku lake kwa siku tatu. Mbao ilinywea, kifua kikapasuka ufa kutoka kwenye tundu mpaka karibu na daraja, yaani kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya kifua. Nyuzi nane huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70 kwa pamoja, kwa hiyo ufa wa namna hiyo haubaki mdogo. Siku hizi sanduku langu limetandikwa olubugo, kitambaa cha gome la mti, ndani, nami nikisafiri kwenda kaskazini huweka humo sifongo chenye maji ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa.

Daraja la mandolini, kama mnavyoona, halikugandishwa kwa gundi. Hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na likisogea kidogo sauti zote hupotoka. Nimelitazama sasa hivi na nadhani limesogea njiani. Naomba dakika mbili nilirudishe mahali pake, nikaze nyuzi, kisha niwapigie jozi ya chini peke yake, msikie ile sauti niliyoiomba.