Daftari Kwanza, Vifaranga Baadaye

Wazazi, walezi, na ninyi vijana mliokuja na fomu zenu za kujiunga, asanteni kwa kufika. Fomu tuziweke kando kidogo. Karatasi yenye kazi kubwa zaidi katika klabu ya vijana ni daftari la mradi, na ndilo nitakalolizungumzia.

Utaratibu huu una umri. Mwaka 1902, A. B. Graham, msimamizi wa shule katika jimbo la Ohio, Marekani, aliwakusanya watoto wajifunze kulima mahindi na bustani na kupima udongo. Vikundi vya namna hiyo ndivyo vilivyozaa klabu za vijana za 4-H: kichwa, moyo, mikono na afya, ambavyo kwa Kiingereza vyote huanza na herufi H. Kenya wakawa na 4-K yao: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Angalieni neno la pili: Kufanya.

Sasa tuchukue mradi mmoja, vifaranga 25. Bruda, yaani mahali penye joto pa kulelea vifaranga, huandaliwa kabla hawajafika: maranda makavu ya kina cha sentimita 5 hivi, kizuizi cha mviringo, na taa iliyowashwa mapema ili sakafu ipate joto. Mviringo si urembo. Vifaranga wakipata pembe hurundikana humo, na wa chini hukosa hewa wakafa. Joto usawa wa mgongo wa kifaranga liwe karibu nyuzi 35 wiki ya kwanza, kisha lipunguzwe nyuzi 3 kila wiki kwa kuinua taa, hadi nyuzi 21 hivi. Kipimajoto kinasaidia, lakini vifaranga wenyewe husema. Wakijikunyata chini ya taa na kulia, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni na kutweta, joto limezidi. Wakijazana upande mmoja tu, tafuta upepo unapopenya.

Wakifika, wape maji kwanza, chakula baadaye. Chombo cha maji kiwe cha kina kifupi, na ukitia kokoto safi ndani hawazami. Chakula kiwe cha vifaranga, chenye protini asilimia 18 hadi 20. Kosa la kawaida ni kuwapa chakula cha kuku wanaotaga kwa kuwa kipo nyumbani. Chokaa iliyomo ni nyingi mno kwa kifaranga na huharibu figo zake.

Daftari linaingia hapo. Kila siku andika tarehe, idadi ya walio hai, kilo za chakula, joto la asubuhi na la usiku, na kilichobadilika. Akifa mmoja, usiishie kwenye neno "amekufa". Andika alikutwa wapi, na hali ya maranda na maji ilikuwaje. Kila wiki pima uzito. Mwishoni gawanya kilo za chakula kwa kilo walizoongezeka: kama walikula kilo 40 wakaongezeka kilo 16, jibu ni 2.5. Namba hiyo ndiyo utakayoilinganisha na ya mradi ujao. Daftari lililojazwa usiku wa kuamkia maonyesho hujulikana kwa macho tu: wino mmoja, mwandiko mmoja, na hakuna siku hata moja iliyosahauliwa.

Wazazi mniwie radhi kwa hili. Mradi mwingi hufia mikononi mwenu. Mtoto akichelewa kubadilisha maranda, mzazi hubadilisha kimyakimya, na mtoto hajui kwamba harufu kali ya kinyesi ilikuwa inamwambia kitu. Mkumbusheni, msimfanyie. Hatari ya moto ni jambo jingine: nyaya na kufunga taa kwa mnyororo imara ni kazi ya mtu mzima.

Uongozi nao hujifunzwa kwa mikono vilevile. Katika kikao, mwenyekiti huhakikisha akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa, imetimia, katibu husoma kumbukumbu za kikao kilichopita, zinathibitishwa, kisha yatokanayo na kumbukumbu hizo, taarifa ya hazina, mambo mapya, mengineyo. Hoja hutolewa na mmoja, huungwa mkono na mwingine, hujadiliwa, ndipo hupigiwa kura. Klabu zinazoruka hatua ya kuungwa mkono hupoteza nusu saa kwenye wazo la mtu mmoja. Mweka hazina asishike fedha na kuzihakiki yeye mwenyewe; mwingine ahesabu, na kila malipo yawe na risiti. Huko ni kumlinda pia, maana fedha zikipungua bila risiti, hata mwaminifu hana la kujitetea.

Vyeo vizunguke kila mwaka, na katibu anayeondoka akae na mpya kwa vikao viwili. Mtoto mwenye haya mpeni uhazini au ukatibu kabla ya uenyekiti: ana karatasi ya kusoma, kwa hiyo sauti hupata pa kushika.

Fomu mnaweza kuzijaza sasa. Sehemu ya mradi iacheni wazi mpaka mmekwenda nyumbani mkapima mahali bruda itakapokaa.