Vyeo vya Jeshi la Jem'Hadar na Mwenye Kasha

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, na ndugu wasikilizaji,

Mada niliyopewa jioni hii ni vyeo vya kijeshi vya viumbe wasio binadamu katika hadithi za kubuni za kisayansi. Kwa kuwa mada hiyo ni pana kupita muda tulio nao, nitabaki na jeshi moja tu, la Jem'Hadar, katika tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Star Trek: Deep Space Nine, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1993 hadi 1999.

Waandishi wengi wanapobuni jeshi la viumbe wa sayari nyingine huchukua ngazi ya vyeo vya jeshi la binadamu, wakabadilisha majina, wakaridhika. Wacardassia, taifa jingine la viumbe wa tamthilia hiyohiyo, wana vyeo vya Glinn, Gul na Legate, na mtazamaji akishaelewa kwamba Gul huongoza meli na Legate yuko juu yake, hana la kuuliza zaidi. Cheo kwao ni pambo la mtu na ni siasa vilevile. Gul Dukat, alipokamata uongozi wa taifa lake mwaka 1997, alikataa kujiita Legate akidai kwamba jina la Gul lina harufu ya kazi na halina majivuno. Nanyi mnaomfahamu mtu yule mnajua kwamba hayo yenyewe yalikuwa majivuno. Kwa Jem'Hadar mchezo wa namna hiyo hauwezekani, na sababu yake ndiyo kiini cha mhadhara huu.

Jem'Hadar ni askari waliotengenezwa. Waliowatengeneza ni Waasisi, viumbe wanaojigeuza umbo lolote na wanaoabudiwa kama miungu katika dola yao. Kati ya Waasisi na askari wamewekwa Vorta, ambao ni watawala, wajumbe na wasimamizi wa vita. Jem'Hadar hawana wanawake, hawalali, hawali chakula, na hukua kutoka utoto hadi utu uzima kwa siku chache tu. Mmoja wao, alipoulizwa umri wake, alijibu kwamba ana miaka 8, na akaeleza kwamba anayefika 20 huheshimiwa kama mzee. Miili yao imeumbwa bila kimeng'enya fulani ambacho hawawezi kuishi bila kukipata, nacho hupatikana katika dawa iitwayo ketraseli nyeupe, inayoingia mwilini kwa mrija uliochomekwa shingoni. Wenyewe huiita nyeupe tu.

Vyeo vyao ni namba. Anayeongoza kikosi ni Wa Kwanza, anayemfuata ni Wa Pili, kisha Wa Tatu, na kuendelea chini. Mtu anaweza kusema kwamba mpangilio huo ni mwepesi na wa kivivu, kana kwamba waandishi walichoka kubuni majina. Mimi naona kinyume chake, na ushahidi wangu ni namna nyeupe inavyogawiwa. Vorta hushika kasha lililofungwa. Humwuliza Wa Kwanza kama anaweza kuwadhamini askari wake juu ya uaminifu wao. Wa Kwanza hujibu kwa niaba yao kwamba wanawaahidi Waasisi utii wao tangu sasa hadi kufa. Ndipo kasha hufunguliwa, Wa Kwanza akakabidhiwa vichupa, naye akawagawia wenzake. Namba ya askari, basi, ni nafasi yake katika foleni ya posho, na aliye mbele kabisa ya foleni bado amesimama upande uleule wa dirisha kama wenzake wote. Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Wa Kwanza ni mtupu mpaka Vorta aujaze.

Hilo linaonekana vizuri katika kipindi cha mwaka 1996, ambapo Jem'Hadar na maofisa wa Shirikisho, yaani muungano wa sayari ambao binadamu wamo, wanalazimika kusafiri pamoja katika Defiant, meli ya kivita ya Shirikisho, ili kuwazuia Jem'Hadar walioasi. Wa Pili anapigana na Worf, ofisa wa Shirikisho aliye Mklingoni, yaani wa jamii nyingine ya viumbe wasio binadamu. Wa Kwanza, jina lake Omet'iklan, anamuua Wa Pili wake papo hapo kwa kuvunja nidhamu, kisha anamgeukia Kapteni Sisko, mkuu wa Worf, akitarajia afanye vivyo hivyo kwa Worf. Sisko anamfungia Worf chumbani mwake, basi. Kwa Omet'iklan huo ni udhaifu wa kupindukia. Katika jeshi la Sisko ofisa amegharimu miaka ya mafunzo na ana jina lake, lakini katika jeshi la Omet'iklan nafasi ya Wa Pili hujazwa na anayefuata kabla maiti haijapoa. Kabla ya vita Omet'iklan anawatangazia askari wake kwamba tangu dakika hiyo wote wameshakufa, na kwamba wanakwenda vitani kuyadai maisha yao. O'Brien, fundi mkuu ambaye si ofisa, anajibu kwamba yeye yu hai kabisa na anakusudia kubaki hivyo. Watu walicheka, lakini jibu hilo linaonyesha umbali uliopo kati ya majeshi hayo mawili.

Je, Vorta akitoweka, cheo kinabaki? Kipindi cha mwaka 1995 kilijaribu swali hilo. Goran'Agar, Wa Kwanza ambaye mwili wake haukuhitaji nyeupe tena, anakaa na kikosi chake katika sayari ya mbali bila Vorta, na akiba ya nyeupe iko mikononi mwake mwenyewe. Kwa muda anatawala barabara. Akiba inapopungua, askari wanaanza kumtilia shaka na kumkaidi, na mwishoni anachagua kubaki nyuma ili awaue yeye mwenyewe, kuliko kuwaacha wageukiane kwa kukosa dawa.

Shirikisho, lililokuwa limeingia vitani na dola ya Waasisi, lililielewa jambo hilo. Msimu wa 6 ulipoanza mwaka 1997, Sisko na wenzake walitumwa kulipua ghala la nyeupe, kwa maana ukiteketeza ghala unakata amri za jeshi zima. Waliporudi walianguka katika sayari ambamo kikosi cha Jem'Hadar nacho kilikuwa kimekwama, na hapo ndipo tunapokutana na Remata'Klan, ambaye kwangu ndiye askari aliyeandikwa vizuri kuliko wote katika tamthilia hii. Anaongoza kikosi, lakini cheo chake ni Wa Tatu. Vorta wake, Keevan, hajajisumbua kumpandisha. Kimebaki kichupa kimoja. Keevan anajua kwamba nyeupe ikiisha askari watamrukia na yeye, hivyo anapatana kwa siri na Sisko: atawaamuru askari wake waingie katika mtego, kisha yeye ajisalimishe. Sisko, kwa kuona aibu ya ushindi wa namna hiyo, anamwendea Remata'Klan na kumsihi ajisalimishe. Remata'Klan tayari anajua kwamba wameuzwa. Anajibu kwamba maisha si yake kuyatoa, wala hayakuwahi kuwa yake. Anakwenda, na anakufa akiwa Wa Tatu.

Angalieni pia dari ya ngazi hii. Juu ya Wa Kwanza hakuna Jem'Hadar. Hakuna jenerali wao wala mkuu wa majeshi wao. Vikosi viwili vikikutana, Wa Kwanza wawili hawana wa kuwaamua ila Vorta au Mwasisi. Waasisi hawakusahau kuweka vyeo hivyo, kwani jeshi lisilo na jenerali halina wa kupindua serikali.

Mfumo huo una gharama zake vitani, na zinaonekana katika kipindi cha mwaka 1998 ambacho wengi hukikumbuka kwa vichekesho vya chombo cha anga kilichonywea kikawa kidogo kama mwanasesere. Ixtana'Rax, mkongwe aliyekuwa Wa Kwanza, ameshushwa kuwa Wa Pili chini ya Kudak'Etan, kijana wa kizazi kipya kilichotengenezwa mahsusi kwa ajili ya vita hivyo. Mzee anaona hatari, anaonya, anapuuzwa, anatii. Meli ya Defiant waliyokwisha kuiteka inawaponyoka, na Kudak'Etan alikuwa ameyasikia maonyo yote kwa masikio yake.