Saa Nane Mchana: Nguvu Zimekwenda Wapi?

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunauzungumzia uchovu. Sisemi ule wa mtu aliyebeba mizigo kutwa, huo dawa yake inajulikana. Nasema ule wa mtu aliyekaa kitini tangu asubuhi, hajainua kitu kizito kuliko kalamu, na ikifika saa nane mchana macho yanajifumba yenyewe. Niko na mwenzangu Kassim. Habari za tangu juzi?

KASSIM: Salama, dada Zuhura. Shikamoo.

ZUHURA: Marahaba. Naanza na langu. Kwa miaka nilijikasirikia kwa ajili ya hiyo saa nane. Nilijua tu kwamba ni uvivu. Nikawa najilazimisha, nakunywa kahawa ya tatu ikifika saa kumi jioni, halafu usiku najigeuza kitandani hadi saa saba.

KASSIM: Pole sana. Na hapo tuweke sawa jambo moja kabla ya lolote. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo hutupunguzia wepesi wa akili mara mbili: usiku wa manane, na tena mchana baada ya adhuhuri. Hata mtu ambaye hakula chakula cha mchana huhisi. Mlo mzito unazidisha, lakini sio chanzo pekee. Kwa hiyo ile saa nane yako haikuwa dhambi.

ZUHURA: Ningelijua hilo miaka kumi iliyopita! Na kahawa je? Maana nikinywa, napata nguvu kweli.

KASSIM: Unapata wepesi. Nguvu hazijaongezeka hata kidogo. Tangu unapoamka, ubongo wako ukifanya kazi hujikusanyia kemikali inayoitwa adenosini. Inavyozidi kujaa, ndivyo usingizi unavyokuja. Inafanya kazi kwa kukaa kwenye vipokezi maalumu ndani ya ubongo, kama mtu anayekalia kiti. Kafeini umbo lake linafanana nayo, basi inawahi viti vile. Adenosini haijaenda popote, imesimama nje inangoja. Kafeini ikiondoka, nayo inaingia.

ZUHURA: Ndiyo maana uchovu ukirudi unarudi na deni lake.

KASSIM: Hasa. Na kafeini haina haraka ya kuondoka. Watu wanatofautiana, lakini kwa mtu mzima wa kawaida, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Ile kahawa yako ya saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake ingali inafanya kazi. Unaweza hata kupata usingizi, lakini unakuwa mwepesi, hauzami. Asubuhi unaamka umechoka, unaitafuta kahawa. Mimi sisemi watu waache. Nasema kikombe cha mwisho kiwe kabla ya adhuhuri, ujaribu wiki mbili, uone.

ZUHURA: Twende kwenye chakula. Wazee wetu walisema mwili haujengwi kwa matofali. Lakini siku hizi watu wanakula, wanashiba, na bado wanalegea.

KASSIM: Kwa sababu kushiba na kulishwa ni vitu viwili. Chukua ubongo peke yake: ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote tunayoitumia tukiwa tumetulia. Na unataka ulishwe kidogo kidogo, bila kukatika. Sasa mtu anaanza siku na chai yenye sukari nyingi na mkate mweupe. Sukari inapanda katika damu kwa kasi, kongosho linamwaga insulini kuishusha, na kwa baadhi ya watu inashuka kuliko ilivyokuwa mwanzo. Saa nne asubuhi unasikia njaa tena, mikono inatetemeka kidogo, unatafuta kitu kitamu.

ZUHURA: Na duara linaanza upya.

KASSIM: Linaanza upya. Kulivunja si kazi ngumu. Mlo uleule, weka yai, au maharage, au karanga, au maziwa. Protini, mafuta na nyuzinyuzi huchelewesha chakula kutoka tumboni, sukari inaingia katika damu taratibu. Wala huhitaji chakula cha gharama wala unga wa kopo.

ZUHURA: Hapo naomba nikukatize, kwa sababu kuna jambo nalisisitiza kila ninapopata nafasi, hasa kwa wanawake wenzangu. Madini ya chuma. Upungufu wake ni miongoni mwa upungufu wa lishe ulioenea zaidi duniani. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, na chuma ndicho kinachoishika oksijeni hiyo. Kikipungua, unapanda ngazi chache unahema, unaambiwa huna mazoezi. Mwanamke anayepata hedhi nzito, mjamzito, msichana anayekua, hao wako katika hatari zaidi. Na tunajinyima wenyewe bila kujua: chai au kahawa ikinywewa pamoja na chakula huzuia sehemu ya chuma cha mboga na nafaka kisifyonzwe.

KASSIM: Na tunda lenye vitamini C, kama chungwa, hufanya kinyume chake.

ZUHURA: Kinyume kabisa. Basi chai isogee saa moja mbele, chungwa lisogee mezani. Lakini msikilizaji asijinunulie vidonge vya chuma kwa kukisia, maana chuma kikizidi nacho kinadhuru. Kipimo cha damu kwanza.

KASSIM: Nakubali. Sasa niruhusu nifike kwenye mazoezi, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Watu husema: nikipata nguvu nitaanza mazoezi. Mimi mwenyewe nilisema hivyo muda mrefu. Nilikuwa narudi nyumbani jioni, nalala kwenye kochi bila kuvua viatu, nangoja nguvu zije. Hazikuja.

ZUHURA: Zingetoka wapi?

KASSIM: Ndani ya chembe za misuli kuna viungo vidogo mno, mitokondria, ndivyo vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nishati. Misuli inayotumiwa hujiongezea mitokondria. Isiyotumiwa hupunguza. Mwili hauweki mitambo usiyoitumia. Kwa hiyo kukaa kungoja nguvu ni kuzifukuza.

ZUHURA: Lakini mtu aliyechoka ukimwambia akimbie atakuona huna huruma.

KASSIM: Na asikimbie! Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walichapisha utafiti wa vijana 36 waliokuwa wakilalamika uchovu usioisha na hawakuwa wakifanya mazoezi. Waliwagawa makundi matatu. Kundi moja liliendesha baiskeli ya mazoezi kwa kasi ya wastani, jingine kwa kasi ndogo kabisa, ya mtu anayetembea bila haraka. Dakika 20, mara tatu kwa wiki, wiki sita. La tatu halikufanya kitu. Makundi yote mawili ya baiskeli yalipata nguvu zaidi kwa kiasi cha asilimia 20. Lakini tazama uchovu: wa kasi ya wastani ulishuka kwa asilimia 49. Wa kasi ndogo, asilimia 65.

ZUHURA: Waliofanya kidogo ndio waliopona uchovu zaidi?

KASSIM: Ndio. Ni utafiti mdogo, watu 36, sitaki kuubebesha mzigo usio wake. Lakini unampa ruhusa mtu aliyechoka aanze chini kabisa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafikishe dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na siku mbili za kuimarisha misuli. Mtu akisikia 150 anavunjika moyo. Mwambie dakika 10 baada ya kula. Misuli ya miguu ikifanya kazi wakati huo inachukua sukari ya damu moja kwa moja, hata ile saa nane inapungua makali.

ZUHURA: Sasa mtazamo. Nakiri naliogopa neno hili. Nimeona linavyotumiwa kuwalaumu watu. Mama ana mtoto mchanga anayemwamsha mara nne usiku, anaambiwa abadilishe mtazamo. Huyo anahitaji mtu amshikie mtoto alale.

KASSIM: Kweli tupu.

ZUHURA: Pamoja na hayo, sitaki kulitupa. Mwaka 2007 wanasaikolojia Alia Crum na Ellen Langer walichapisha utafiti wa wanawake 84 wanaosafisha vyumba katika hoteli saba. Wengi wao walisema hawafanyi mazoezi, na huku kutwa wanainama, wanasukuma, wanatandika. Nusu yao wakaelezwa kwamba kazi ile yenyewe ni mazoezi, na inatosha kwa afya. Wengine hawakuambiwa. Baada ya wiki nne, walioambiwa walikuwa wamepungua uzito kidogo na shinikizo la damu limeshuka, ingawa walisema hawakubadilisha chochote katika maisha yao. Labda walianza kusukuma kwa bidii zaidi bila kujua, hilo halikupimwa vizuri. Mimi linalonigusa ni kwamba wale kina mama walikuwa wakifanya kazi kubwa na hakuna aliyewahi kuwaambia.

KASSIM: Kwa hiyo kwako mtazamo ni kuona unachokifanya tayari.

ZUHURA: Ni hilo, na kuacha kujiita mvivu. Mtu anayejiita mvivu hatafuti sababu, ameshajihukumu. Mimi ningepima damu miaka mitano mapema. Basi msikilizaji, ukilala kwa muda wa saa saba au nane na bado unaamka hoi, ukiwa na kiu isiyoisha, ukikoroma mpaka unakabwa, ukipungua uzito bila sababu, au ukiwa huoni raha ya kitu chochote wiki baada ya wiki, hapo usianze na matembezi. Anza na daktari. Inaweza kuwa kisukari, tezi ya shingo, pumzi inayokatika usingizini, sonona. Yote yana tiba au namna ya kuyadhibiti.

KASSIM: Mwulize akupime wingi wa damu, na akiba ya chuma pia, kwa sababu akiba inaweza kuisha huku wingi wa damu bado unaonekana sawa.

ZUHURA: Hilo ndilo lililonipata. Kipimo cha kwanza kilisema niko salama.

KASSIM: Na sasa unajisikiaje, dada?

ZUHURA: Afadhali kubwa. Ngazi napanda nikiongea. Ila kutembea baada ya kula ndiko bado sijashika, nasema kesho, kesho.

KASSIM: Umekula saa ngapi leo?

ZUHURA: Kabla tu ya kuja kurekodi.

KASSIM: Basi tukishazima maikrofoni tusikae. Tutoke dakika 10, mwendo wa kuongea tu, na mimi nitakuangalizia saa.

ZUHURA: Ngoja nivae viatu.