Ugonjwa wa Parkinson: Idadi ya Wagonjwa na Asili ya Watu

Mabibi na mabwana, daktari James Parkinson alieleza mwaka 1817, jijini London, habari za wagonjwa sita waliotetemeka viungo na kutembea kwa kujikokota. Tangu hapo imesemwa mara nyingi kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na kwamba watu weusi huupata kwa nadra. Kauli hiyo ina sehemu ambayo siikubali hata kidogo, na ina sehemu inayostahili kuchunguzwa kwa makini.

Utafiti wa kaskazini mwa California uliochapishwa mwaka 2003 ulihesabu wagonjwa wapya waliogunduliwa miongoni mwa wanachama wa mpango mmoja wa bima ya afya. Baada ya kuzingatia tofauti za umri na jinsia, walipatikana wagonjwa 13.6 kwa mwaka katika kila Wazungu 100,000, na 10.2 kwa Weusi. Wenye asili ya Asia walikuwa 11.3, na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliwazidi wote kwa 16.6. Ni takwimu nzuri, lakini zinamhesabu yule tu aliyefika kwa daktari na akaambiwa jina la ugonjwa wake. Mzee ambaye jamaa zake wanaona kuzorota kwa mwendo wake kuwa ni uzee tu hayumo.

Ndiyo maana ninauthamini sana utafiti wa wilaya ya Copiah, jimboni Mississippi, uliochapishwa mwaka 1985. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba, na walipofanya hivyo tofauti kati ya Weusi na Wazungu ikawa ndogo mno.

Hata hivyo, njia hiyo hiyo ilipotumika Igbo-Ora, nchini Nigeria, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yaliwashangaza wengi: kati ya watu wa zaidi ya miaka 39, wagonjwa walikuwa 67 kwa kila 100,000, ilhali miongoni mwa Weusi wa Copiah walikuwa 341. Watu hawa wana asili inayokaribiana, lakini idadi zao zinapishana mara tano. Kabla ya kutaja kinga yoyote ya kimaumbile, tukumbuke kwamba idadi ya wagonjwa waliopo siku ya kuhesabu hutegemea wangapi wameugua na pia wameishi na ugonjwa kwa muda gani. Palipo na levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, mgonjwa huishi miaka mingi na kuhesabiwa. Pasipo na dawa hufariki mapema, na kifo chake huifanya jamii yake ionekane na afya. Katika wilaya ya Hai, Tanzania, wakazi zaidi ya 161,000 walifuatiliwa nyumba kwa nyumba, na zaidi ya robo tatu ya wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wana Parkinson. Jambo hili hunihuzunisha kila ninapolirejea, kwa sababu dawa ya kuwapunguzia ukakamavu wa misuli imekuwapo tangu miaka ya 1960.

Asili, kwa upande wake, ina nafasi yake. Badiliko moja la jeni ya LRRK2, linaloitwa G2019S na linaloongeza hatari ya Parkinson, ni nadra katika jamii nyingi za Asia ya Mashariki, lakini hupatikana kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa Waarabu na Waberberi wa Afrika Kaskazini, na kwa sehemu kubwa pia miongoni mwa wagonjwa Wayahudi wa Ashkenazi, yaani wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki. Mwaka 2023 watafiti waliofanya kazi pamoja na wenzao wa Nigeria walitangaza badiliko la jeni ya GBA1 lililo la kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika na ambalo karibu halipo kwa Wazungu: mwenye nakala moja ya badiliko hilo hatari yake ya kuugua Parkinson ni takriban mara moja na nusu ya ile ya asiye nalo, na ya mwenye nakala mbili ni takriban mara tatu na nusu. Kwa miaka mingi jeni hiyo ilikuwa imechunguzwa katika damu za Wazungu, na badiliko hilo halingeweza kuonekana humo.