Fundo la Itikadi

REHEMA: Karibuni tena. Juma, leo nisamehe salamu ndefu. Tangu Jumanne nina jambo kifuani.

JUMA: La kikao?

REHEMA: Hilo hilo. Nilisema wa zamu ya usiku wasilipwe chini ya wa mchana. Mkubwa mmoja akanijibu, "Hiyo ni itikadi, sisi tunazungumzia hali halisi." Basi. Hoja yangu haikuguswa tena.

JUMA: Neno moja likafunga mjadala.

REHEMA: Umesema kufunga! Itikadi ni neno la Kiarabu, na mzizi wake ni kufunga fundo. Kuitakidi ni kulifunga jambo moyoni lisilegee.

JUMA: Kumbe ndiyo maana mtu huwa na fundo moyoni!

REHEMA: Hilo ni la kinyongo, Juma.

JUMA: Moyo si ule ule? Ngoja, na akdi ya ndoa je?

REHEMA: Mzizi mmoja.

JUMA: Na sisi husema kufunga ndoa! Dada, mwaka mzima tunasoma siasa, kumbe tulitakiwa kusomea kamba.

REHEMA: (anacheka) Turudi. Neno la Kifaransa la itikadi, idéologie, lilibuniwa na mwanafalsafa Destutt de Tracy mwaka 1796. Alikuwa amefungwa jela wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa...

JUMA: Amefungwa!

REHEMA: Juma! Alitaka sayansi ya kuchunguza fikra zinavyozaliwa.

JUMA: Yaani kufungua mafundo.

REHEMA: Hapo umenena. Aliyeligeuza tusi ni Napoleon, mtawala wa Ufaransa. Desemba 1812, jeshi lake limeteketea Urusi, anarudi Paris na kuitupia itikadi lawama za maafa ya Ufaransa.

JUMA: Kama mkubwa wako. Ila mimi nasema kila mtu ana itikadi, hata yeye. "Hali halisi" yake ni fundo tu alilolizoea mpaka halioni. Neno libaki kama lilivyo, lisiwe tusi.

REHEMA: Hapana. Kama kila mtu anayo, neno linatuambia nini? Mimi nabaki na Marx na Engels, wale wanafikra wa ukomunisti: itikadi ni fikra zinazofanya masilahi ya wachache yaonekane ya wote. Anayepanga mishahara ndiye aliyeniambia mishahara ni hali halisi. Jina hilo ni lake.

JUMA: Basi na wewe unalifanya rungu, kama alivyofanya yeye.

REHEMA: Rungu la aliyeonewa si sawa na la mwenye nguvu.

JUMA: Rungu ni rungu, dada. Kesho atakuja mwingine aliyeonewa, akupige wewe nalo.

REHEMA: Na apige, mradi aonyeshe nimeficha masilahi gani. Yeye hakuonyesha kitu.

JUMA: Hapo sikubali.

REHEMA: Wala mimi.

JUMA: (kimya) Tulikuwa na mambo matatu ya kuwaachia wasikilizaji.

REHEMA: Zimebaki dakika mbili. Hata la kwanza halitoshi.

JUMA: Tuyaache. Ile akdi hujanimalizia, lakini.

REHEMA: Wiki ijayo, Juma. Njoo na kamba.