Tracy Chapman: kuchanganya midundo bila kumpoteza mwimbaji

Mwangaluka, wazee wangu. Na ninyi vijana wa studio mliojibanza huko nyuma, sogeeni. Mhadhara huu ni wenu.

Najua mnanong'ona: Tabora hii, mji wa bendi za Kiko Kids na Tabora Jazz, Mmarekani wa nini? Nimemleta kwa sababu kazi zenu nazisikia. Rege kidogo, singeli kidogo, amapiano mwishoni, na mwimbaji mwenyewe hatumuoni.

Tracy Chapman, mzaliwa wa Cleveland, alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1988 na kuipa jina lake. Nyimbo 11, zote katunga yeye. Enzi hizo redio zilijaa vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Yeye na prodyuza David Kershenbaum wakatanguliza sauti na gitaa kavu. Wimbo wa saba ni rege waziwazi. Wa tisa una bluzi ndani yake. Waondoe wapigaji wote, mwache na gitaa lake: wimbo bado umesimama.

Wa nne, "Behind the Wall", hata gitaa hauna. Jirani anasikia mayowe ya mwanamke usiku. Polisi wanachelewa, na wakifika wanasema ya mume na mke hawayaingilii. Anaimba mstari, ananyamaza, anaimba mwingine. Nyie hapo mngeshatia kinanda!

Juni 11, 1988, uwanja wa Wembley, London, tamasha la miaka 70 ya Mandela. Chapman alishaimba zake akamaliza. Stevie Wonder alipokwama kwa kifaa cha kinanda chake kutoonekana, wakamrudisha jukwaani binti yule na gitaa lake tu. Akaimba "Fast Car", na albamu ikapaa. Mwaka uliofuata akapata Grammy tatu, mojawapo ya pop, nyingine ya foki, muziki wa mapokeo ya watu. Waliogawa tuzo nao hawakujua wamweke kapu gani. Mwaka 2023 Luke Combs akaurudia wimbo huohuo kwa mtindo wa kantri, na chama cha muziki wa kantri cha Marekani kikautangaza wimbo bora wa mwaka. Tuzo hiyo ni ya utunzi, ikaenda kwa Chapman.

Wala si mambo ya Marekani tu. "Dada Asha" ya Shem Karenga na Tabora Jazz imejaa rumba ya Kongo, ila mama zenu wanaiimba wakisonga ugali, bila gitaa hata moja.

Haya, nani ana wimbo wake? Aje hapa aimbe. Biti tutaisikia baadaye.