Makosa Yana Hesabu: Mhadhara kwa Wanaoanza Michezo ya Wizi wa Kunyata

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Huku mbele naona vijana ambao vidole vyao tayari vinacheza hewani, na kule nyuma naona wazazi walioletwa na watoto wao, au waliokuja kuwachunga. Wote karibuni. Leo nazungumzia aina moja tu ya mchezo wa video: ule ambao watu wawili hadi wanne wanaingia pamoja kwenye jengo lenye ulinzi, wanachukua walichokifuata, wanatoka bila mtu kujua. Na wazazi mtulie, sifundishi mtu kuiba. Mtu akiyafuata haya ninayoyasema kwenye benki ya kweli, atakamatwa kabla hajafika kaunta.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mchezo wa kwanza wa namna hii niliocheza unaitwa Monaco. Tulikuwa wanne, tumekaa mbele ya skrini moja. Tulishawapita walinzi wawili, mwenzetu mmoja yuko kwenye sefu, imebaki kidogo tu ifunguke. Mimi nikaona sarafu chumba cha pili. Sarafu moja, inametameta. Nikaikimbilia.

Katika Monaco mtu akikimbia anasikika. Mlinzi aliyekuwa upande wa pili wa ukuta akapata alama ya kuuliza kichwani, akaja kuangalia kulikoni. Akaniona. Mwenye sefu, kwa kuona ninapigwa risasi, akaiacha sefu. Aliyekuwa mlangoni akaja kuniokoa, naye akaleta mlinzi wake nyuma. Dakika moja baadaye kulikuwa na mifupa mitatu sakafuni, maana kwenye mchezo huo ukifa unabaki mifupa, na mwenzetu wa nne kajibanza kichakani haongei.

Walinilaumu kwa tamaa. Nilikubali, kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini nimeendelea kucheza miaka mingi tangu siku ile, na sasa naona tamaa ilikuwa kosa dogo. Kuchukua sarafu ni sehemu ya mchezo. Kilichotuua ni kwamba sikusema. Maneno mawili tu, "naenda kulia", yangetosha: mwenye sefu angesema subiri kidogo, au aliyekuwa mlangoni angesema kuna mlinzi hapo. Nilitoa hela kwenye mfuko wa wote bila kumwambia mtu.

Huo mfuko ndio nataka tuuzungumzie. Michezo hii haidai mcheze bila kukosea. Inawapa akiba ya makosa, kila mchezo kwa namna yake, na akiba hiyo ni ya kundi zima. Anayeanza anadhani kazi yake ni kujificha vizuri. Kazi yake ya kwanza ni kujua akiba ni kiasi gani, na nani anaitumia.

Tuanze na Monaco yenyewe, kwa sababu inasamehe. Ilitengenezwa na Andy Schatz na studio yake ya Pocketwatch Games, Marekani. Mwaka 2010 ilichukua tuzo kuu kwenye Independent Games Festival, ikatoka rasmi mwaka 2013. Unaitazama kutoka juu, kama mtu aliyefunua paa la nyumba. Sehemu ambazo mwizi wako anaziona zina rangi na mwanga. Ambazo hazioni zimebaki michoro ya ramani tu, kuta na majina ya vyumba. Uzuri wake kwa mgeni ni kwamba vitufe ni vichache sana. Ukitaka kufungua mlango, unausukuma kwa mwili na kusubiri. Kompyuta, sefu, swichi ya taa, vyote ni hivyo hivyo. Kitufe kimoja cha kunyata, kimoja cha kutumia kifaa. Mzee wa kule nyuma anaweza kuanza leo.

Akiba yake iko sehemu tatu: uhai wako, kifaa chako, na sarafu. Unabeba kifaa kimoja tu, labda bomu la moshi, labda bandeji, labda bunduki. Kila ukikusanya sarafu 10, kifaa kinapata matumizi mengine. Ndiyo maana nasema sarafu si tamaa tupu. Sarafu ni risasi, ni dawa, ni moshi. Basi zigaweni. Mwenye bandeji akiwa hana kitu, mwacheni yeye azipitie zilizo njiani, na mwenye kifaa kilichojaa apite bila kuzigusa. Makundi mengi ya wageni hayafikirii hili hata mara moja. Kila mtu anaokota kilicho mbele ya pua yake, kisha anayehitaji bandeji anakuta hakuna.

Wahusika ni wanane, nanyi mnaanza na wanne. Locksmith ni fundi wa kufuli, anafungua milango na sefu kwa haraka. Pickpocket ana tumbili anayemwokotea sarafu. Cleaner anamlaza mlinzi ambaye bado hajamwona. Na Lookout ndiye mchunguliaji: akinyata au akisimama, anawaona walinzi hata walio nyuma ya kuta.

Nataka nisimame kwa Lookout, kwa sababu ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Kila kundi jipya linagombania Cleaner, maana kumlaza mlinzi kunafurahisha. Lookout anaachiwa yule aliyechelewa kufika. Ni kinyume kabisa. Lookout akisimama tu, hafanyi lolote, kundi zima linanufaika: mkiwa skrini moja, anachokiona yeye mnakiona nyote. Mpeni mtu mwenye subira, asiyeona haya kukaa sekunde 10 bila kusogea. Mimi nimecheza na binti mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kusema "bado… bado… nendeni". Hatukuwahi kuwa na usiku mzuri kama ule. Alikuwa hajawahi kucheza mchezo wowote kabla.

Wanne wengine mtawapata mbele ya safari: Mole anatoboa kuta, Hacker anapitisha virusi kwenye soketi za umeme, Gentleman anajibadilisha sura, Redhead anawapumbaza walinzi kwa urembo. Msiwaharakie.

Sasa, kuonekana. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea, na wanakosea kwa heshima, yaani kwa kudhani wanafanya sawa. Mlinzi akiwaona tu, wanasema "tumeharibu, tuanze upya". Wanaanza upya mara 15 chumba cha kwanza, wanachoka, wanasema mchezo ni mgumu. Msianze upya! Katika Monaco mlinzi anasahau. Ukitoka machoni pake, atakwenda pale alipokuona mwisho, atazunguka kidogo, kisha atarudi kwenye doria yake. Kona mbili na kichaka vinatosha. Hata aliyekufa mnaweza kumfufua kwa kusimama juu ya mifupa yake, mradi mwingine awavute walinzi upande wa pili. Kuonekana ni gharama, mmeshailipa, endeleeni na kazi. Kwanza mchezo wenyewe unawaelekeza hivyo kwa sikio: muziki wa Austin Wintory ni piano, unatembea pole mnaponyata, na mkikurupushwa nao unakurupuka. Mtu aliyeutengeneza hivyo alitaka mkimbizwe. Alijua mtacheka.

Mkishazoea kusamehewa, nendeni kwenye mchezo unaohesabu. Nazungumzia Payday 2, wa Overkill Software ya Sweden, uliotoka mwaka huo huo wa 2013. Huu unauona kwa macho ya mwizi mwenyewe, nanyi ni wanne. Kazi nyingi zake mnaweza kuzifanya kwa makelele, mkapigana na polisi hadi mwisho, na watu wengi ndivyo wanavyoucheza. Zipo ambazo ni za kunyata tu, kama Shadow Raid, na hiyo ndiyo naipendekeza kwa wanaojifunza, kwa sababu inawanyima kishawishi cha kusema "potelea mbali" na kuanza kufyatua.

Kwenye kazi nyingi unaanza bila kinyago. Ukiwa hujavaa, unaweza kutembea maeneo ya wazi kama mteja, ukahesabu kamera na walinzi. Tumieni nafasi hiyo! Mgeni anavaa kinyago sekunde ya tano kwa sababu bila kinyago hana silaha, na mtu asiye na silaha anajiona yuko uchi. Ukishavaa huvui. Kisha kuna namba ya kugundulika, inayoanzia 3 na kuishia 75. Inatokana na mavazi na silaha ulizochagua. Ukivaa fulana nzito ya kuzuia risasi na kubeba bunduki kubwa, namba inapanda, na walinzi wanakushtukia upesi. Kwa kunyata vaa suti, beba bastola ndogo yenye kizuia sauti, basi.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya peja. Kila mlinzi ana peja kiunoni, yaani kifaa kidogo cha mawasiliano ambacho wakubwa wake wanakitumia kuuliza kama mambo ni shwari. Ukimwangusha, inalia, na mmoja wenu lazima aishike na kumjibu aliye upande wa pili, kwa sauti ya mtu ambaye hana tatizo lolote. Usipojibu, king'ora. Ukiiachia katikati, king'ora. Ukijibu vizuri, mmepona, lakini mmejibu moja. Mnaruhusiwa kujibu 4. Ya tano haijibiki, hata uwe hodari namna gani.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Humu ni nne, na ni nne za kundi, si nne za kila mtu. Hapo ndipo urafiki unapoharibika. Wanne, kila mmoja kwenye kona yake, kila mmoja anakutana na mlinzi mmoja "asiye na jinsi". Tayari zimekwisha, na hakuna hata mmoja anayeona amekosea. Kila mtu kaangusha mmoja tu! Kisha mlinzi wa tano anageuka ghafla, na yule aliyemwangusha ndiye anayelaumiwa na watatu waliomtangulia.

Kwa hiyo mtu mmoja awe mweka hesabu. Kila anayeangusha mlinzi anataja namba kwa sauti kabla hajashika peja: "ya kwanza", "ya pili". Mkifika ya pili kabla hamjafika kwenye mali, simameni hapo mlipo, mzungumze. Na mkiwa na ya nne mkononi, hakuna kuangusha tena; ni kusubiri mlinzi apite, hata ikichukua dakika tatu. Tena maiti haiachwi. Mlinzi mwingine akiiona, au kamera, hakuna cha peja tena. Itieni kwenye mfuko, muifiche pembeni.

Raia nao wanahesabiwa kwa namna yao: wakiona kinyago wanataka kupiga simu. Mmoja wenu awalaze chini, awafunge. Mali hubebwa mifukoni mabegani, na dhahabu inakulemea kuliko vito, kwa hiyo rushianeni mifuko kama watu wanaopakia gari, badala ya kila mtu kutembea na wake njia nzima mbele ya kamera.

Kijana mmoja aliniuliza mlangoni kabla hatujaanza: nifanye mazoezi peke yangu kwanza? Mara moja au mbili, ujue vitufe vilipo, ndiyo. Usizidishe. Ukicheza peke yako peja zote 4 ni zako, ukimya wote ni wako, hakuna wa kumwambia unakwenda wapi. Unajenga mazoea mazuri ya mwizi mmoja. Halafu unakuja kwa wenzako, umekuwa fundi kweli, na huongei. Afadhali nicheze na mgeni anayesema "nimepotea, nipo chumba chenye meza ya kijani" kuliko fundi bubu.

Na maneno yenyewe yawe machache, mkubaliane kabla. Sisi tuna manne: "naona", "nasubiri", "nakwenda", "nimeonwa". La mwisho lisemwe mapema, hata kama una haya. Watu wanalichelewesha kwa sababu wanatumaini mlinzi atageuka. Wakati mwingine anageuka kweli, na hiyo ndiyo inayotuharibu, maana mara nyingine tena unatumaini.

Naona nimewachosha kwa maneno, na nyuma yangu kuna kontrola nne zimekaa bure. Nataka watu wanne waje mbele, tucheze Monaco, sehemu ya kwanza kabisa, ya kutoroka gerezani. Mama wa kitambaa cha buluu, njoo, wewe utashika Lookout. Hapana, huhitaji kujua chochote. Simama tu pale mlangoni, na usiwaruhusu hawa vijana wakuharakishe.